MAGARI YALIYOKWISHA KUTUMIKA: UNAFUU WA BEI NA USALAMA WA MILIMANI

Katika vyama vya msingi vya milima ya Usambara, hoja ya kununua gari huletwa mkutanoni karibu kila msimu wa mavuno. Sababu zake huonekana wazi kwa mtu anayeifahamu Mlola na vijiji vinavyoizunguka. Wakulima wa huko hulima mboga, viazi, maharage, matunda na kahawa, na mengi katika mazao hayo hayasubiri. Kabichi ikikatwa leo yafaa iwe njiani leo. Nyanya ikichelewa siku mbili huuzwa kwa bei ya kuomba. Ili mazao hayo yafike barabara kuu, hupandishwa hadi Magamba, hupita Lushoto na Soni, kisha huteremshwa Mombo. Mwenye gari ndiye mwenye soko; asiye nalo hupokea bei anayotajiwa shambani.

Basi si ajabu kwamba wanachama hutamani gari la chama, wala si ajabu kwamba gari hilo aghalabu huwa lile lililokwisha kutumika. Gari jipya kutoka kiwandani liko mbali na uwezo wa vyama vingi vya msingi. Swali la maana, kwa hiyo, si kama chama kinunue gari lililotumika au jipya. Swali ni namna ya kulichagua, kulitunza na kuliendesha bila kupoteza fedha za wanachama au, lililo baya zaidi, maisha yao. Juu ya jambo hili yako maoni mengi yanayosikika sokoni, kwenye vilabu vya kahawa na ndani ya mikutano yenyewe. Baadhi yana ukweli, baadhi yana nusu ya ukweli, na baadhi ni hatari. Yafaa yapimwe moja baada ya jingine.

MAGARI HAYA YALIVYOTUFIKIA

Wazee wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 gari lilikuwa kitu adimu. Fedha za kigeni zilikuwa chache, uagizaji ulikuwa chini ya vibali, na spea zilitafutwa kwa miezi. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wananchi wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na tangu hapo mlango ulizidi kufunguka. Magari ya mitumba yakaanza kuingia kwa wingi, hasa kutoka Japani.

Japani ina sababu zake za kuwa chimbuko. Kwanza, watu wake huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Watanzania, na usukani wa magari yao uko kulia. Pili, sheria yao humtaka mwenye gari dogo la binafsi alipeleke kwenye ukaguzi miaka 3 baada ya kulinunua likiwa jipya, na baadaye kila miaka 2. Ukaguzi huo na matengenezo yake hugharimu fedha nyingi, hivyo wengi huona heri kuuza gari lingali zima kuliko kuendelea kuligharimia. Kinachoitwa takataka na mmoja kikawa mtaji wa mwingine.

Jambo hili ni la dunia nzima. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na kwamba zaidi ya nusu yake yalikuja Afrika. Taarifa hiyo ilionya kuwa mengi kati yake hayakuwa na hali nzuri kwa usalama wala kwa hewa. Kila nchi imejaribu kujikinga kwa njia yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliweka ukomo wa miaka 15. Tanzania yenyewe imetumia zaidi njia ya kodi, ambapo gari dogo lenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, pamoja na kazi ya Shirika la Viwango (TBS) ya kuhakikisha kuwa magari yaliyotumika yanakaguliwa.

Lakini ukaguzi wa bandarini ni wa siku moja. Gari linalouzwa kwa chama huko Mlola huenda lilipita bandarini miaka 10 iliyopita, na tangu hapo limekuwa mikononi mwa watu watatu au wanne. Hati ya siku ile haisemi lolote juu ya breki za leo.

"GARI HILI LIMETEMBEA KIDOGO"

Hii ni kauli ya kwanza ya muuzaji, naye huonyesha kipimo cha kilometa kwenye dashibodi. Mnunuzi asitosheke na kipimo hicho. Kipimo cha kilometa huweza kurudishwa nyuma, kiwe cha kamba au cha umeme. Gari lenyewe husema kweli zaidi. Pedali ya breki iliyolika mpaka chuma, usukani uliong'aa kwa kushikwa na kiti cha dereva kilichobonyea haviendi pamoja na gari la kilometa 60,000.

Vivyo hivyo kwa matairi. Kila tairi lina tarakimu 4 za tarehe ubavuni, mwishoni mwa mfululizo wa herufi unaoanza na DOT. Tarakimu 2 za mwanzo ni wiki, na 2 za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipotembea; hukauka na kupasuka vimistari, na tairi la namna hiyo huweza kupasuka likiwa na mzigo ingawa kashata zake zingali nene. Katika nchi nyingi kina cha mifereji ya tairi la gari dogo kisipofika milimita 1.6 tairi hilo haliruhusiwi barabarani. Kwa barabara ya udongo wakati wa masika, hata kipimo hicho ni kidogo. Aidha, baadhi ya magari kutoka Japani huja na matairi ya theluji. Mpira wake ni laini, nao huisha upesi kwenye lami ya joto kama ile ya Mombo.

Yafaa pia kutazama uvunguni. Katika sehemu za baridi za Japani chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, nayo hula chuma. Gari linalong'aa kwa rangi huenda chesisi yake imeoza. Kwa magari madogo kuna jambo jingine: mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ilionekana kuwa na kasoro ya kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa kurekebishwa duniani, na kampuni hiyo ikafilisika mwaka 2017. Magari mengi ya aina zinazopendwa hapa nchini yalikuwa katika orodha hiyo. Watengenezaji wakubwa hutoa nafasi ya kuulizia kwa kutumia namba ya chesisi, na mnunuzi mwangalifu huulizia kabla ya kulipa.

"LILILO RAHISI NDILO NAFUU"

Rahisi na nafuu si kitu kimoja. Urahisi huonekana siku ya kununua, na unafuu huonekana mwisho wa mwaka vitabu vinapofungwa. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, lakini kila chama kinaweza kuweka tarakimu zake.

Chama kimeonyeshwa malori mawili ya tani 3. Lori la kwanza linauzwa Sh. 30,000,000 na la pili Sh. 40,000,000. Yote mawili yanatarajiwa kutumika kwa miaka 5.

(a) Lori la kwanza: uchakavu wa mwaka ni Sh. 6,000,000. Matengenezo, kwa kuwa limechoka, ni Sh. 9,000,000. Jumla ni Sh. 15,000,000. Katika siku 250 za kazi, linalala gereji siku 60. Limefanya kazi siku 190.

(b) Lori la pili: uchakavu wa mwaka ni Sh. 8,000,000. Matengenezo ni Sh. 4,000,000. Jumla ni Sh. 12,000,000. Linalala gereji siku 20. Limefanya kazi siku 230.

Kabla ya mafuta, bima na mshahara wa dereva, lori la kwanza limegharimu karibu Sh. 79,000 kwa kila siku ya kazi, na la pili karibu Sh. 52,000. Lori "rahisi" limekuwa ghali kwa Sh. 27,000 kila siku, bila kuhesabu kabichi zilizoozea kwenye matenga katika zile siku 60. Tena siku hizo haziji kiangazi wakati wa mapumziko. Gari bovu huharibika siku lilipobebeshwa mzigo, yaani katikati ya msimu.

Hesabu hii ina upande wa pili usioandikwa kwenye daftari. Chama kilichotumia akiba yake yote kununua gari hakibaki na fedha za kubadili pedi za breki mwezi wa tatu. Hapo ndipo fundi huambiwa, "Funga hizi hizi, tutaona baadaye." Umaskini wa mwenye gari hugeuka kuwa hatari ya abiria na ya mtembea kwa miguu. Kwa hiyo kanuni iliyo salama ni kutotumia fedha zote katika bei. Chama chenye Sh. 40,000,000 kitafute gari lisilozidi Sh. 33,000,000 au 34,000,000, na kiasi kinachosalia kiwe cha matairi, breki, bima na matengenezo ya miezi ya mwanzo.

"CHUMA CHA ZAMANI NI KIGUMU"

Wengi husema kuwa magari ya zamani yalikuwa na bati nene, na kwa hiyo ni salama kuliko ya siku hizi yanayokunjika kama debe. Ni kweli bati lilikuwa gumu. Lakini katika mgongano, nguvu ile hapana budi iende mahali. Sehemu ya mbele ya gari ikikunjika, hula sehemu ya nguvu hiyo na kumpa aliyeketi ndani nafasi ndogo ya kupunguza mwendo. Isipokunjika kabisa, nguvu yote humfikia mtu kifuani na kichwani. Ndiyo maana mafundi wa magari ya kisasa huacha makusudi mbele ya gari ikunjike, huku chumba cha abiria kikiimarishwa.

Hata hivyo ubora huo haufai kitu kwa mtu asiyefunga mkanda. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa waliokaa viti vya mbele kwa karibu nusu. Katika gari lililotumika, mikanda ni miongoni mwa vitu vya kwanza kutazamwa: je, imo yote, inavutika, inajifunga? Mara nyingi mikanda ya nyuma imekatwa ili kupata nafasi ya viti vya nyongeza. Gari aina ya Noah lililotengenezewa watu 8 likibeba 14, wale 6 waliozidi hawana mkanda, hawana kiti, wala hawana nafasi katika hesabu ya breki.

"DEREVA HODARI NDIYE BREKI"

Kauli hii husemwa kwa fahari na madereva wa milimani, na kwa kweli wengi wao ni hodari. Lakini uhodari haubadili maumbile. Gari linalokwenda kilometa 40 kwa saa husogea mita 11 katika sekunde moja, muda ambao dereva bado anainua mguu kuelekea breki. Likienda kilometa 80 husogea mita 22 katika sekunde hiyo hiyo. Na umbali wa kusimama baada ya breki kukamata hauongezeki mara 2 bali mara 4. Kwenye udongo uliolowa umbali huo huzidi tena, na kwenye mteremko huzidi zaidi.

Mteremko wa Usambara unastahili kuelezwa peke yake. Lushoto iko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, na Mombo iko chini kwa kiasi cha mita 1,000. Barabara inayoziunganisha, iliyochongwa ubavuni mwa mlima tangu enzi ya Wajerumani, ina urefu wa kilometa zipatazo 33. Kwa lori lenye uzito wa tani 5 pamoja na mzigo, kushuka mita 1,000 maana yake ni kutoa nguvu inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji baridi. Nguvu hiyo lazima imezwe na kitu fulani. Ikiwa dereva anatumia gia ndogo, injini humeza sehemu kubwa. Ikiwa anashuka kwa kukanyaga breki mfululizo, karibu yote huingia kwenye pedi, drami na diski.

Hapo ndipo hufuata mambo mawili. Kwanza, pedi zikipata moto mwingi hupoteza ushikaji. Dereva anakanyaga na gari halipungui. Pili, mafuta ya breki huweza kuchemka. Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani kidogo kidogo. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya joto la nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka mpaka kufikia nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea. Pedali huzama mpaka sakafuni kama inakanyaga sufi.

Mafuta ya breki ni rahisi kuliko karibu kila spea ya gari, na mafundi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Lakini gari lililonunuliwa mkononi mwa mtu huweza kuwa na mafuta yaliyokaa miaka 7 au 8. Tambarare halitaonyesha dosari yoyote, na mnunuzi aliyelijaribu Tanga mjini atarudi akisema breki ni nzuri. Dosari itajitokeza kwenye mteremko, likiwa na mzigo, bila taarifa.

"UKIZIMA INJINI MTEREMKONI UNABANA MAFUTA"

Katika maoni yote yaliyopimwa hapa, hili ndilo la kukomeshwa kwanza. Dereva anayezima injini au kutoa gia ili gari liteleze lenyewe hupoteza msaada wote wa injini katika kuzuia mwendo. Tena katika magari mengi nguvu inayosaidia mguu kukanyaga breki hutokana na injini. Ikizimwa, msaada huo huisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu, na usukani wenye msaada wa injini huwa mzito ghafla.

Na faida inayotafutwa haipo. Katika magari yenye mfumo wa kompyuta wa kupeleka mafuta, gari likiteremka likiwa kwenye gia na dereva hakukanyaga mafuta, mfumo hukata mafuta wenyewe. Kwa hiyo anayeshuka kwa gia ya pili hatumii mafuta zaidi ya anayeteleza bila gia. Aghalabu hutumia machache zaidi. Kanuni ya wazee wa barabara ya Soni ingali sahihi: gia uliyotumia kupanda ndiyo ya kushukia.

"AJALI HAINA KINGA"

Methali hii ni ya kufariji waliofiwa. Haikukusudiwa kuwa mwongozo wa matengenezo ya magari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021. Katika taarifa yake ya mwaka 2018, shirika hilo lilikadiria kwamba Tanzania ilipoteza watu zaidi ya 16,000 katika mwaka 2016, ingawa vifo vilivyoandikishwa vilikuwa 3,256. Tofauti hiyo kubwa inaonyesha kuwa wengi hufia majumbani na hospitalini bila kuingia kwenye vitabu vya ajali.

Jeshi la Polisi limeeleza mara kwa mara kuwa chanzo kikubwa cha ajali ni makosa ya kibinadamu, na wapo wanaolitumia neno hilo kusema kuwa gari halina hatia. Lakini aliyefunga tairi kipara ni binadamu. Aliyeahirisha kubadili breki ni binadamu. Aliyepakia magunia ya lumbesa mpaka springi zikalala, kisha akawaruhusu akina mama 7 na watoto wao wapande juu ya magunia hayo, naye ni binadamu. Makosa ya kibinadamu hayaanzii kwenye usukani. Mengine huanzia kwenye meza ya mkutano.

Kupanda juu ya mzigo ni desturi inayotokana na shida ya usafiri, na wanaoipinga hapana budi waikiri shida hiyo. Mama anayekwenda gulioni na matenga yake hapendi kuyaacha peke yake, na huenda hakuna gari jingine siku hiyo. Hata hivyo lori lililopakiwa juu hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona, na mtu aliye juu hana cha kushika. Tena bima ya gari la mizigo huandikwa kwa matumizi ya mizigo. Abiria waliobebwa kinyume cha masharti huweza kukosa fidia. Chama kinaweza kupunguza shida hii kwa njia rahisi: mzigo wa kila mwanachama upewe namba na stakabadhi, ili mwenye mzigo asilazimike kuulinda njia nzima, naye asafiri kwa basi.

YAPASAYO CHAMA KUTENDA

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho yake, huweka wajibu kwa dereva na kwa mwenye gari pia. Chama kikiwa mwenye gari, wajibu huo ni wa wanachama wote kupitia bodi yao. Nayo Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inakitaka chama kiendeshe mambo yake kwa makisio na kwa ukomo wa madeni uliokubaliwa. Kwa hiyo inashauriwa kama ifuatavyo.

1. Ununuzi upitishwe na mkutano mkuu, ukiwa ndani ya makisio. Ikiwa fedha ni za mkopo, mkopo usivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis.

2. Gari likaguliwe na fundi asiyechaguliwa na muuzaji wala asiyelipwa na dalali. Malipo yake ni madogo kulinganisha na hasara anayoweza kuzuia. Taarifa yake iandikwe na kusomwa mbele ya bodi kabla ya fedha kutoka.

3. Majaribio yafanywe mlimani na mzigo ukiwamo. Gari lipande na kushuka sehemu ya njia litakayofanyia kazi. Mwisho wa mteremko litazamwe: je, kuna harufu ya kuungua, pedali imelegea, gari linavuta upande mmoja?

4. Namba ya chesisi na ya injini zilinganishwe na kadi ya gari, na umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato kwa jina la chama. Gari lililobaki kwa jina la mwenyekiti au la muuzaji "kwa muda" si mali ya chama mbele ya sheria mpaka chama kithibitishe kwa taabu.

5. Bima ikatwe kwa wakala anayejulikana, na uhalali wake uhakikishwe kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Wanachama wafahamu kuwa bima ndogo hulipa madhara ya watu wengine tu. Gari la chama likianguka lenyewe, chama hakipati kitu.

6. Gari likibeba mizigo kwa malipo, lipatiwe leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Dereva awe na leseni ya daraja linalolingana na gari hilo. Leseni ya gari dogo la binafsi haitoshi kwa lori.

7. Kuwe na daftari la gari. Ndani yake ziandikwe safari, kilometa, mafuta, mzigo, na kila tengenezo pamoja na tarehe yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni mali inayopotea upesi kuliko nyingine. Daftari hilo ndilo mkaguzi wa COASCO atakaloomba, na ndilo litakaloonyesha kuwa mafuta ya breki yalibadilishwa lini.

8. Kila safari itengewe kiasi fulani cha akiba ya matengenezo na uchakavu, kiwekwe benki mbali na fedha za mazao. Gari lisilojilipia kuzeeka kwake litakiacha chama mahali pale pale lilipokikuta.

9. Dereva apewe haki iliyoandikwa ya kukataa kuondoka iwapo breki, matairi au taa ni mbovu, au mzigo umezidi. Haki hiyo isiishie kwenye karatasi. Dereva aliyekataa kwa sababu ya kweli asikatwe mshahara, hata kama kabichi zimechelewa soko.

Kifungu cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote, kwa kuwa kinaleta mgongano kati ya fedha ya leo na usalama wa kesho. Asubuhi ya masika, ukungu ukiwa umeifunika Magamba, matenga 80 yako juu ya lori, mnunuzi anasubiri na wanachama wamesimama kando wakitazama saa. Dereva anasema pedali imelegea. Ni vigumu kwa katibu kusema, "Shusheni mzigo." Lakini kama mkutano mkuu ulikwisha kuamua miezi mingi kabla kwamba katika hali hiyo mzigo hushushwa, katibu hatakuwa peke yake, wala dereva hatalaumiwa. Uamuzi wa usalama yafaa ufanywe mapema, watu wakiwa wametulia, na si pale barabarani.

Vyama ambavyo havina uwezo wa kutimiza masharti haya si lazima vikose usafiri. Vyama viwili au vitatu vya jirani vinaweza kununua gari moja zuri kwa pamoja badala ya kila kimoja kununua bovu lake. Vinaweza pia kukodi kwa mkataba wa msimu, vikiweka ndani ya mkataba masharti yale yale ya breki, matairi, mzigo na bima. Mwenye gari anayejua kuwa atapata safari 3 kila juma kwa miezi 4 huwa tayari kusikiliza masharti, jambo ambalo mwanachama mmoja mwenye magunia 5 hawezi kulipata peke yake.

Bodi za vyama zinashauriwa kuweka jambo hili kwenye ajenda kabla msimu haujaanza, na zile ambazo tayari zina magari zianze na kazi isiyohitaji kusubiri mkutano: kufungua daftari, kutazama tarehe za matairi, na kumwuliza dereva ni lini mafuta ya breki yalibadilishwa.